Kugombea ubunge wa jimbo hapa Minnesota: maswali mnayoniuliza kila mara

Tangu nipate uraia nimekuwa nikigonga milango kwenye kampeni za huku Brooklyn Park na Brooklyn Center, na kila uchaguzi ukikaribia simu yangu haipumziki, leo ni mtu wa kanisani, kesho ni binamu ya mtu, na maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Mimi si wakili, kwa hivyo ya uhamiaji na ya korti mwone wakili, lakini haya ya kampeni nimeyapitia mwenyewe. Kama una dakika tano tu, soma lile swali la "nianze lini", hapo ndipo watu wetu wengi wa Afrika Mashariki huangukia.

## Tuanze na msingi

Hili bunge la jimbo ni lipi? Si ndio lile la Washington?

Hapana, ni tofauti kabisa. Hili linakaa St. Paul. Lina nyumba mbili, House yenye wabunge 134 na Seneti yenye maseneta 67. Mbunge wa House anachaguliwa kila miaka miwili. Eneo bunge moja la House lina watu kama 42,500 hivi, yaani ni kama wadi moja ya Nairobi, si kaunti nzima, na ndio maana mtu wa kawaida asiye na jina kubwa anaweza kushinda akijituma.

Na usidharau kiti hiki eti ni kidogo. Leseni ya udereva bila kuuliza makaratasi ya uhamiaji, chakula cha bure shuleni kwa kila mtoto, hizo zote zilipitishwa hapo St. Paul mwaka 2023. Sheria za group home na home care ambazo nusu yetu tunafanyia kazi zinaandikwa hapo. Mimi hushangaa tukibishana usiku kucha kuhusu siasa za nyumbani na hatujui hata jina la mbunge anayepanga masharti ya leseni ya kazi yetu.

Kuna mtu wetu aliyewahi kushinda kweli?

Ndiyo. Novemba 2024 Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda eneo bunge la 38A hapa Brooklyn Park. Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi kambi ya wakimbizi kule Mombasa, alianzia kwenye hili bunge la jimbo mwaka 2016 kabla ya kwenda Washington, na alimshinda kwenye mchujo mama aliyekuwa amekalia kiti hicho miaka 44.

Nani anaruhusiwa kugombea? Lazima uwe umezaliwa Marekani?

Kuzaliwa Marekani ni sharti la urais, huku halipo. Unatakiwa uwe raia na mpiga kura halali wa Minnesota, uwe umefikisha miaka 21 wakati wa kuchukua kiti, uwe umeishi Minnesota mwaka mzima kabla ya uchaguzi, na ndani ya eneo bunge lenyewe miezi sita kabla ya uchaguzi. Basi. Digrii haiulizwi wala cheti cha sekondari. Uchaguzi wa 2026 ni 3 Novemba, kwa hivyo anayetaka kiti hicho anatakiwa awe anaishi ndani ya eneo kufikia 3 Mei. Hili la kuishi limeshamwangusha mtu aliyekuwa ameshinda tayari, soma "nimehama kidogo tu" kule chini.

Nina grini kadi tu, naweza kufanya nini?

Kugombea huwezi, kupiga kura huwezi, na tafadhali sana usijiandikishe hata kama mtu wa DMV au mwenye karatasi na kalamu nje ya supamaketi amekwambia "saini tu hapa". Kudai wewe ni raia wakati sio kunaweza kukufungia uraia milele na hata kukurudisha nyumbani. Nimeona familia ikilia kwa jambo hilohilo na ilianza na karatasi moja tu.

Lakini kusaidia kampeni unaweza. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchanga pesa, kugonga milango, kupiga simu. Mwenye viza ya aina nyingine anaweza kujitolea bila malipo ila asichange hata dola.

Nikishinda nitaacha kazi? Mshahara ukoje?

Baraza la mishahara lilipanga dola 51,750 kwa mwaka tangu 2023, na kuna posho za siku na za malazi kwa wanaotoka mbali. Bunge linakaa miezi ya mwanzo wa mwaka na katiba inalazimisha lifunge kabla ya Mei kuisha, na halizidishi siku 120 za vikao kwa miaka miwili. Wabunge wengi wana kazi nyingine. Ila shifti za usiku wakati wa vikao sahau, vikao vya mwisho wa Mei huenda hadi alfajiri.

## Chama na ratiba

Nianze lini?

Mapema kuliko unavyofikiri. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hili ndilo jambo moja ambalo ningependa kila mtu wetu alijue.

Watu wetu wengi huja kwangu mwezi wa tano. Wameona kwenye habari kwamba fomu zimefunguliwa, wameongea na mchungaji, wameongea na mke au mume, wako tayari. Kumbe kazi ilishafanyika miezi mitatu nyuma. Siasa za hapa zinaanza na kokasi, huo ni mkutano wa jioni wa mtaa ambao vyama hufanya mwezi wa pili (ya 2026 ilipangwa Jumanne 3 Februari). Hapo wanachaguliwa wajumbe. Wajumbe hao ndio wanaokwenda kwenye kongamano la chama la eneo na kuamua chama kimbariki nani. Kwa DFL, ndio Democrat wa huku, kwa kawaida unahitaji asilimia 60 ya kura za wajumbe. Sasa wewe ukitokea mwezi wa tano, wajumbe wameshachaguliwa na wameshampa mtu neno lao, na kibaya zaidi wengi wao hawakujui hata sura.

Kwa hivyo hesabu yangu ni hii. Kiti unachokitaka Novemba, kianze kiangazi cha mwaka uliotangulia. Nenda mikutano ya chama ya eneo ukiwa huombi kitu, panga viti, leta chai, mgongee milango mgombea mwingine. Ifikapo vuli anza kuwapigia simu watu wa mtaa wako mmoja mmoja uwaombe waje kokasi Februari. Kokasi nyingine mtaa mzima unaleta watu kumi au kumi na tano, nimekaa kwenye moja tulikuwa saba na viti vya wajumbe vilibaki wazi! Familia mbili za Kikenya zingetosha kuchukua vyote, na usiku huo zilikuwa nyumbani zinaangalia runinga kwa sababu hakuna aliyeziambia.

Na kama una shifti usiku huo, mpe mwajiri notisi ya maandishi siku 10 kabla, sheria ya Minnesota inakuruhusu kwenda bila kuadhibiwa. Hutalipwa saa hizo lakini hawezi kukufukuza. Hii watu wengi wa nesing homu hawaijui kabisa.

Nisipopata baraka za chama ndio mwisho?

La. Baraka za chama si tiketi ya moja kwa moja, mwenye kuamua ni mpiga kura kwenye mchujo wa Agosti (2026 ni tarehe 11). Kongamano la DFL la eneo bunge la 60B mwaka 2016, lile la Ilhan Omar, liliisha bila kumbariki mtu, na wote wakaenda kwa wananchi. Faida ya baraka ni jina lako kwenye karatasi za chama, watu wa kujitolea, na daftari la wapiga kura la kwenye kompyuta. Ila fikiri kabla hujaahidi. Kwenye kongamano utaulizwa mbele ya watu kama utaheshimu uamuzi, ukisema ndiyo halafu ukashindwa na bado ukaingia mchujo, jina lako litakumbukwa vibaya kwa miaka.

Naweza kusimama bila chama?

Unaweza, unakusanya saini za wapiga kura wa eneo lako, kisheria hazihitajiki zaidi ya 500, ndani ya zile wiki mbili za kujaza fomu. Hupiti mchujo, unaenda Novemba moja kwa moja. Lakini kusema ukweli sijaona mtu wetu akifika mbali kwa njia hiyo, watu hapa hupiga kura kwa chama. Na ukishindwa kwenye mchujo wa chama huwezi kugeuka ukaingia kwa saini, mlango huo umefungwa.

## Fomu

Fomu inachukuliwa wapi na ni pesa ngapi?

Kwa Katibu wa Jimbo au ofisi ya kaunti. Ada ya kiti cha bunge la jimbo ni dola 100. Ndiyo, mia moja, si elfu. Muda ni wiki mbili tu, kwa 2026 ni 19 Mei hadi 2 Juni saa kumi na moja jioni, na wakifunga wamefunga, usiniambie habari za trafiki kwenye 694. Unaapa kwamba unatimiza masharti yote, kwa hivyo cheti cha uraia kiwe mkononi tayari.

Jina langu ni refu na hawawezi kulitamka. Nilifupishe?

Sheria inataka jina lako la kweli au lile jamii inakujua nalo kwa kawaida. Kama mtaa mzima unakuita Wanjiku basi andika Wanjiku. Usibuni jina la kizungu siku ya kujaza fomu. Maoni yangu ni kwamba watu hujifunza majina, ukigonga mlango ukalitamka polepole wakalirudia mara mbili, hawalisahau tena.

## Pesa

Ni lini naanza kuhesabu pesa rasmi?

Ukishakusanya au kutumia zaidi ya dola 750 una siku 14 kusajili kamati kwa Bodi ya Fedha za Kampeni. Kamati iwe na mweka hazina na akaunti yake ya benki. Usichanganye na pesa zako hata siku moja, hata kama ni mafuta ya gari. Mtafute mweka hazina mwenye roho ya kuweka risiti, nimeona mgombea mzuri akimaliza kampeni akiwa anajibu barua za Bodi kwa sababu rafiki yake alikuwa akiandika michango kwenye daftari la chama cha akiba.

Naweza kufanya harambee?

Unaweza na ufanye, lakini si kama nyumbani. Kule mheshimiwa anakuja na bahasha, huku mheshimiwa mtarajiwa ndiye anayeomba. Mtu mmoja hazidishi dola 1,000 kwa mgombea wa House katika kipindi cha uchaguzi. Akipita jumla ya dola 200 jina lake, anwani na mwajiri wake vinaandikwa kwenye ripoti na kila mtu anaweza kusoma, mwambie kabla asije akashtuka. Lile sanduku la kupitisha watu watupie noti bila majina ni la hatari, mchango usio na jina unaozidi dola 20 huruhusiwi kubaki nao.

Na wewe mwenye kampuni ya home care, usiandike cheki ya kampuni! Makampuni hayaruhusiwi kumchangia mgombea, hata LLC. Toa mfukoni mwako kama mtu binafsi.

Ndugu zangu walioko Kenya au Dubai wanaweza kutuma?

Kama si raia wa Marekani wala hana grini kadi, hapana, hata shilingi. Na usiseme mjomba atume kwako kisha wewe uweke kwa jina lako, kuchanga kwa jina la mtu mwingine ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Mwenye uraia wa Marekani anayeishi Dubai anaweza.

Nikimpa mtu "kitu kidogo" au nikilipia chakula?

Kutoa pesa, chakula, nguo au chochote ili mtu apige kura fulani ni kosa kubwa la jinai. Chai na mandazi kwenye mkutano haina shida, sheria inaruhusu vitafunio vya hadi dola 5 vinavyoliwa palepale, pombe haimo. Nyama choma ya mbuzi mzima na soda za kubeba nyumbani, acha ifanywe baada ya uchaguzi.

Kanisa limeniomba nichangie paa, au msikiti unanunulisha tiketi. Nitakataaje?

Hapa sheria iko upande wako. Minnesota inakataza taasisi za dini, za msaada na za elimu kumwomba mgombea mchango au kumwomba anunue tiketi za shughuli zao. Mwambie mchungaji kwa heshima, "Baba, sheria inawakataza ninyi kuniomba, nisije nikawaletea shida." Wengi hawajui, na wakijua wanaelewa. Kama ulikuwa mshirika na unatoa sadaka yako siku zote, hiyo ni ibada yako, endelea.

Kuna pesa ya serikali kweli?

Ipo, kwa anayesaini mkataba wa kukubali kiwango cha juu cha matumizi. Kwa House unatakiwa kwanza ukusanye dola 1,500 kutoka kwa wapiga kura wa Minnesota, na kwa kila mtu zinahesabiwa dola 50 za kwanza tu. Yaani watu 30 wa dola 50. Hapa ndipo jamii yetu ina nguvu kuliko wanavyojua, choir moja inatosha.

## Milango

Nitaanzaje kugonga milango? Naogopa lafudhi yangu.

Kila mtu anaogopa mlango wa kwanza. Lafudhi haijawahi kumnyima mtu kura ambayo angeipata, kinachonyima ni kuongea sana. Taja jina, sema unaishi mtaa gani, kisha uliza, "Ni jambo gani linakusumbua hapa mtaani?" halafu nyamaza usikilize. Andika ukitoka. Rudi mara ya pili. Mlango uliogongwa mara mbili na mgombea mwenyewe haumsahau.

Kosa letu ni kuzunguka kwa watu wetu tu. Kati ya hao 42,500 Waafrika Mashariki ni sehemu ndogo hata Brooklyn Park, na wengine bado hawana uraia. Jirani yako Mhmong, mzee Mzungu anayekata nyasi, mama Mliberia, wote wanakusubiri.

Apatimenti zimefungwa na meneja ananifukuza.

Meneja hana haki hiyo. Ukishasajili kamati au kujaza fomu, sheria ya Minnesota inakupa ruhusa ya kuingia jengo la apatimenti kufanya kampeni ukiwa na watu wako wa kujitolea. Anaweza kutaka kitambulisho na kukupangia saa za maana. Chapisha sheria hiyo, 211B.20, ubebe mfukoni, na uiongee kwa upole. Watu wetu wengi wanakaa apatimenti na wagombea wengine huziruka kwa uvivu.

Shangazi hajui Kiingereza, naweza kuingia naye kwenye chumba cha kura?

Wewe mgombea, hapana. Mtu mwingine anaweza kumsaidia, mradi asiwe mwajiri wake wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Kama hajajiandikisha anaweza kujiandikisha siku hiyohiyo kituoni, Minnesota inaruhusu tangu miaka ya 1970. Na wewe na fulana zako mkae zaidi ya futi 100 kutoka kwenye jengo.

## Hali za pembeni

Nafanya kazi Posta. Naweza kugombea?

Kwa kiti cha chama kama hiki, hapana, ukiwa bado kazini. Sheria ya serikali kuu iitwayo Hatch Act inawagusa wafanyakazi wa Posta na ofisi karibu zote za serikali kuu. Wengi wetu tuko Posta kwa hivyo uliza kabla hujatangaza hata kwa WhatsApp. Kumgongea mwingine milango nje ya saa za kazi unaweza.

Nimehama kidogo tu, barabara ya pili, lakini ni nje ya eneo. Kuna shida?

Kubwa. Mwaka 2024 mgombea wa DFL wa 40B, upande wa Roseville, alishinda vizuri kabisa. Mpinzani akaenda kortini kwamba haishi kwenye apatimenti aliyoiandika, jaji akakubali mwezi Desemba, kiti kikapotea kabla ya kuapishwa na uchaguzi ukarudiwa Machi 2025. Na wakati huo House ilikuwa imegawanyika 67 kwa 67, kwa hivyo kiti kimoja kilitikisa bunge zima. Hamisha familia, hamisha kitanda, hamisha bili. Anwani ya binamu haitakuokoa.

Nina uraia wa nchi mbili.

Minnesota haijali. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010, ila ukija kutaka ubunge Kenya itakubidi uachane na huu wa huku kwanza. Mtanzania au Mkongomani mtu mzima akichukua uraia wa Marekani, sheria za kwao hazimruhusu kubaki na ule wa kwanza, hilo litakuwa limekwisha zamani kabla ya kampeni.

Nikishindwa kwa kura chache?

Tofauti ikiwa chini ya nusu ya asilimia unaweza kuomba kuhesabiwa upya bila kulipa. Mwaka 2024 kule Shakopee, 54A, mshindi alipita kwa kura 14, na kura 20 zilikuwa zimepotea mikononi mwa maafisa, kesi ikaenda hadi Januari ndipo jaji akaacha matokeo yasimame. Kura kumi na nne ni magari matatu ya watu wa choir.

Usalama je? Baada ya yale ya 2025 mke wangu amekataa kabisa.

Namwelewa. Tarehe 14 Juni 2025 Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wetu, aliuawa pamoja na mumewe nyumbani kwao hapahapa Brooklyn Park, na aliyewaua ni mtu aliyejifanya polisi, na seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi Champlin usiku huohuo wakapona. Mimi niligonga milango mitaa hiyo. Bado nikipita pale roho inaniuma.

Unaloweza kufanya ni hili: kwenye fomu unaweza kuomba anwani ya nyumbani isiwekwe wazi ukieleza kwamba unahofia usalama wako au wa familia, kisha utoe sanduku la posta na simu ya kampeni. Usigonge milango peke yako, mtu mmoja ajue uko barabara gani. Picha za watoto na nyumba zitoe mitandaoni kabla ya kutangaza. Na mke akisema hapana baada ya kuyajua haya yote, msikilize. Unaweza kuwa mjumbe wa kokasi, au mweka hazina wa mtu mwingine, anwani yako ikabaki kwako.

Nimeshindwa. Sasa?

Ng'oa mabango ndani ya siku 10 baada ya uchaguzi. Kamati usiiache ikining'inia, Bodi itaendelea kudai ripoti hadi uifunge rasmi na faini zinapanda. Wapigie simu waliokuchangia, hata wa dola 5. Orodha ya milango uliyoandika usiitupe, kokasi nyingine itakuja mwaka wa uchaguzi unaofuata.